Mpe na Kifua

Ukurasa wa kumi na moja, Shaame alinikwama.
Amesimama mlangoni pa ghala la karafuu, Wete,
kaambiwa mkewe hatorudi,
na mimi sikujua mikono yake niiweke wapi.
Nikampa sigara.
Nilishindwa kumpa kimya, nikampa moshi.

Ilifanya kazi, sikatai.
Akaigonga mara tatu juu ya ukucha wa gumba,
akaiwasha, akatazama mizani,
na sentensi iliyokuwa ikichechemea tangu alasiri
ikapata pa kukaa.

Kisha akaja Mwalimu Bimkasi, anayenisomea miswada,
miwani kaifunga uzi:
"Sigara thelathini na mbili. Nimezihesabu.
Na yule Haji wangu wa kidato cha pili, uliyemwazima daftari,
siku hizi kalamu anaishika hivi, baina ya vidole viwili,
anapuliza dirishani kama mtu mwenye madeni."

Nikamjibu kwa maneno makubwa.
Kwamba mtunzi si daktari,
kwamba kitabu si pakiti, hakibandikwi onyo,
kwamba muuaji nimemwandika na sijaua.
Akamaliza chai yake. Akasema tu:
"Muuaji lakini hukumremba."

Usiku ule nilimpokonya Shaame sigara.
Nikampa tasbihi: akawa mchamungu, si yeye.
Nikampa tambuu: akatema kwenye kila aya.
Nikampa funguo, kijiti cha meno, karafuu mbichi ya kutafuna.
Akanitazama kama mgeni
aliyekaribishwa chai akaletewa maji moto.

Ndipo nilipomtambua.
Kule kugonga mara tatu ni kwa Ami Mbarouk.
Niliiba utotoni, sijui kama naiba.
Ramadhani, jamvini: tende moja, funda la maji,
na kabla ya uji, kabla hata ya kusimama kusali,
ami keshatoka nje,
nukta nyekundu nyuma ya kiambaza,
inang'ara, inafifia, inang'ara.
Sisi watoto tukiiita nyota ya ami.

Hicho ndicho nilichokiandika. Kizuri, sivyo?
Sikuandika kopo la maziwa chini ya kitanda,
mchanga ndani yake, na anachokitemea.
Sikuandika meli ya usiku kwenda Unguja,
foleni ya picha ya kifua,
Bi Riziki akiuza bangili ya pili,
wala pumzi zake za mwisho,
sauti ya jamvi linaloburutwa juu ya saruji.
Nilichukua moto. Kifua nikawaachia wenyewe.

Na mimi nani wa kuosha mikono?
Ada yangu ya skuli ililipwa na karafuu.
Tulizichambua hadi usiku mkubwa,
harufu haitoki vidoleni kwa sabuni wala ndimu,
na magunia yakapanda meli kwenda Indonesia,
zikasagwa, zikasokotwa ndani ya sigara.
Kuna mtu huko Java, simjui jina,
anakohoa harufu ya uwanja wetu.

Basi Mwalimu, huu hapa mswada.
Sigara zimebaki nne.
Kopo limo. Bangili imo.
Haji akitaka kupuliza, na apulize,
lakini atapita kwanza kwenye lile kopo.
Ukimpa mtu sigara mpe na kifua,
na kama kifua huna nafasi nacho
mwache asimame mikono mitupu.
Msomaji atavumilia. Huenda hata akaitazama mikono.

Ile ya nne sijui niifanye nini.
Ni ya futari, nyuma ya kiambaza.
Kikohozi nimekiandika mara tano,
mara tano nimekifuta.
Ihesabu, ukitaka, itie wino mwekundu.
Mimi siwezi kuizima.